Uvimbe wa mguu usiouma: mwongozo kamili wa kuthibitisha maisetoma, kuanzia zahanati hadi maabara

Maisetoma huanza na kinundu kigumu chini ya ngozi ya mguu, na kinundu chenyewe hakiumi. Mwenye mguu anaendelea na shughuli zake: anachunga, analima, anabeba mizigo. Mwaka unapita, mingine inafuata, kinundu kinakuwa uvimbe, uvimbe unatoboka, na kwenye matundu yake unatoka usaha wenye punje ndogondogo, ambazo ni mafungu ya vimelea vyenyewe. Siku anapofika hospitali kwa sababu kiatu hakiingii tena, mara nyingi mfupa umeshaguswa na watu wameanza kuzungumzia kukata mguu. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2016, ingawa madaktari walikuwa wameshaueleza kutoka Madura, India, tangu karne ya 19. Ndiyo maana wengine huuita mguu wa Madura.

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wa Arusha na Kilimanjaro, na pia wa ndugu wanaomsindikiza mgonjwa, kwa sababu wao ndio watakaouliza majibu ya kipimo yako wapi. Tunasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: dawa isianze na kisu kisiguse kabla punje haijaonekana na kujulikana ni ya nini. Uvimbe wa aina hii unaweza kuletwa na fangasi au na bakteria wanaoota nyuzi kama fangasi. Kwa macho vinafanana, kwa dawa havihusiani kabisa. Ukikosea hapo, mgonjwa atameza vidonge vya gharama kubwa mwaka mzima huku mguu ukizidi kuliwa.

Nani wa kumshuku

Vimelea vyenyewe vinakaa kwenye udongo, na vinaingia mwilini kwa kuchomwa: mwiba, kijiti, jiwe kali. Duniani ugonjwa umeenea zaidi kwenye ukanda ulio kati ya nyuzi 15 kusini na 30 kaskazini mwa ikweta, hasa kwenye nchi kavu zenye msimu mfupi wa mvua kama Sudani, Somalia na Senegali, na pia India na Meksiko. Arusha na Moshi ziko ndani ya ukanda huo. Mazingira yanayofanana na hayo kwetu ni nyanda kavu za Longido, Monduli, Simanjiro na tambarare za Same, ambako mtu anatembea kutwa kwenye migunga akiwa amevaa katambuga. Katambuga inakinga unyayo vizuri, lakini vidole, ubavu wa mguu na kisigino vinabaki wazi.

Usimwondoe mtu kwenye orodha kwa sababu anaishi Marangu au Machame kwenye migomba na unyevu. Muulize ameishi wapi miaka 10 au 20 iliyopita na alifanya kazi gani huko, maana kinundu cha leo kinaweza kuwa kimetoka kwenye mwiba wa zamani sana. Wanaopata zaidi ni vijana na watu wazima wa kazi za nje, wanaume kuliko wanawake. Mguu ndio unaoshika nafasi ya kwanza, kisha mkono. Wanaobeba mizigo ya kuni au magunia wanaweza kupata mgongoni au shingoni.

Maswali ya kuuliza

Anza kwa heshima, bila haraka. Mtu aliyekaa na mguu wa namna hii kwa miaka huwa ameshaulizwa mengi na kulaumiwa mengi.

"Shikamoo mzee. Pole na mguu. Kinundu hiki ulikiona mara ya kwanza mwaka gani?" Kama hakumbuki mwaka, mpe alama za kumsaidia: kabla au baada ya mtoto fulani kuzaliwa, kabla au baada ya ukame mkubwa. Kisha: "Kilikuwa kinauma?" Jibu la kawaida ni hapana. Maumivu yakija baadaye, fikiria kwanza kwamba bakteria wa kawaida wameingia juu yake, au kwamba mfupa umeguswa.

"Umewahi kuona vitu kama mchanga vinatoka kwenye tundu? Vya rangi gani?" Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote, na mara nyingi halikuwahi kuulizwa. Wagonjwa wengi wameziona punje, wamezifuta kwa kitambaa, wakadhani ni uchafu wa kidonda. Mwombe yeye au mkewe akumbuke rangi.

"Mwiba ulikuchoma hapo?" Akisema hakumbuki, haina maana kwamba si maisetoma. Mfugaji anachomwa na miiba mingi mno kukumbuka mmoja.

"Umeshapasuliwa mahali popote? Umetumia dawa gani?" Hesabu zote: vidonge vya duka la dawa muhimu, sindano za zahanati, majani ya kubandika, chuma cha moto. Andika majina na muda. Dawa za bakteria au fangasi zilizotumika wiki chache zilizopita zinaweza kuzuia kimelea kisiote maabara, na kovu la upasuaji wa zamani linakuambia ugonjwa unaweza kuwa umerudi. Wapo watakaokuambia wamekanyagishwa. Usibishane nao. Sema tu kwamba unataka kujua kilichomo ndani ya uvimbe, na endelea.

Malizia kwa ugonjwa wa sukari, VVU, kifua kikuu na dawa zake, na kwa mwanamke, ujauzito. Haya yanaamua usalama wa dawa baadaye.

Kuuangalia mguu na kuushika

Miguu yote miwili ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke, kisha mgonjwa akae penye mwanga wa dirisha. Usiangalie mguu mmoja peke yake, kwa kuwa mguu mzima ndio kipimo chako cha kulinganishia.

Dalili tatu zikiwa pamoja zinakaribia kukuhakikishia: uvimbe wa chini ya ngozi usiouma, matundu yanayotoa majimaji au usaha, na punje ndani ya usaha huo. Shida ni kwamba mwanzoni ipo ya kwanza tu. Matundu yanaweza kuchelewa kwa miezi au miaka, na yaliyopo yanafunga huku mengine yakifunguka, kwa hiyo angalia pia makovu madogo ya duara yaliyobonyea. Ngozi juu ya uvimbe inaweza kung'aa, kuvutika, kubadilika rangi, na hata kutoa jasho jingi kuliko sehemu nyingine.

Bonyeza taratibu kwa vidole viwili. Uvimbe wa fangasi kwa kawaida una mipaka unayoweza kuifuata kwa kidole, mgumu, umekua polepole. Wa bakteria hukua haraka zaidi, mipaka yake imetawanyika, una wekundu na matundu mengi, na huwahi kufika kwenye mfupa. Tofauti hizi ni za kukusaidia kukisia tu. Tumeeleza hapo juu kwa nini kukisia hakutoshi.

Mwambie achezeshe vidole na kifundo, kisha pima hisia kwa pamba. Mishipa ya fahamu na kano huwa haziguswi hadi ugonjwa uende mbali sana, na ndiyo sababu mguu wenye sura ya kutisha bado unatembea. Ukikuta ganzi, rudi nyuma ufikirie ukoma au kisukari. Papasa kinena: tezi zilizovimba zinaweza kutokana na maambukizi ya juu ya kidonda, au na ugonjwa wenyewe kusambaa, jambo linalotokea zaidi kwa aina ya bakteria.

Pima uvimbe kwa futi ya fundi nguo, urefu, upana na mzunguko wa mguu, uandike kwa sentimita. Chora ramani ya mguu na matundu yake kwenye faili. Mgonjwa akikubali, piga picha ukiweka rula pembeni.

Magonjwa yanayofanana nao

Matende huvimbisha mguu mzima na hayatoi punje. Uvimbe wa miguu unaotokana na udongo mwekundu wa volkano huanza vidoleni, hupanda juu, kwa kawaida hushika miguu yote miwili, na hauna matundu ya usaha. Kifua kikuu cha mfupa na usaha wa mfupa wa muda mrefu vina matundu, lakini maumivu na homa huwa zaidi na punje hazipo. Saratani ya Kaposi huonekana kama vinundu au mabaka ya zambarau. Kuvu la ngozi linalotoa sugu kama koliflawa hukaa juu ya ngozi, halichimbi. Kuna pia melanoma ya unyayo, saratani inayoota kwenye kidonda cha zamani, na kipande cha mwiba kilichobaki ndani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi unachoweza kukiondoa kwenye orodha kwa kukodolea macho tu, na kimojawapo kinaweza kuwapo pamoja na maisetoma.

Kupata punje

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo tutakaa hapa.

Kosa la kwanza na la kawaida ni kuchovya kijiti cha pamba kwenye usaha na kukipeleka maabara. Kitakachoota ni bakteria wa juu ya ngozi, majibu yatarudi na jina la bakteria huyo, mgonjwa atapewa dawa ya siku 7, na maisetoma itaendelea. Kijiti cha pamba hakina nafasi kwenye ugonjwa huu. Unachotafuta ni punje yenyewe.

Andaa glavu safi, spiriti ya asilimia 70, gozi iliyochemshwa kwa mvuke, maji ya chumvi ya dripu (asilimia 0.9), kibano chembamba, na vichupa viwili visafi vyenye mfuniko wa kukaza. Safisha ngozi kuzunguka tundu kwa spiriti, uiache ikauke kabisa. Chagua tundu jipya, au bora zaidi kipele laini kinachokaribia kupasuka, kwa sababu ndani yake punje bado hazijachanganyika na uchafu wa nje. Minya kutoka pembeni kuelekea tundu, taratibu, kwa shinikizo lisilokoma. Punje zitatoka na majimaji. Zidake kwa kibano au kwa ncha ya sindano uziweke kwenye kichupa chenye maji ya chumvi mililita 2 hivi.

Zisipotoka, usichimbe. Lowesha gozi kwa maji ya chumvi, iweke juu ya matundu, funga bandeji kwa wepesi, mwambie mgonjwa arudi kesho asubuhi bila kuifungua. Punje huwa zimenasa kwenye nyuzi za gozi. Kwa mtu aliyetoka Orkesumet au Longido, kesho asubuhi maana yake ni kulala mjini, kwa hiyo mwulize kwanza ana mahali pa kufikia. Kama hana, mwelekeze mhudumu wa zahanati ya kwao amwekee gozi kabla hajaondoka nyumbani kwa safari nyingine.

Sasa hakikisha ulichopata ni punje. Damu iliyoganda ni nyeusi pia, na imewadanganya wengi. Weka kitu hicho ndani ya tone la maji ya chumvi kwenye kioo: damu iliyoganda inalainika na kutoa wekundu baada ya dakika chache, punje inabaki na umbo lake. Uzi wa gozi unaonekana kwa lenzi ndogo, na chembe ya mchanga inakwaruza kioo ukiibonyeza. Osha punje kwa kuzihamisha mara tatu kwenye maji ya chumvi mapya.

Rangi inakuambia mengi. Punje nyeusi ni za fangasi, karibu mara zote, na kinara wao Afrika ni Madurella mycetomatis. Zinafanana na mbegu za mchicha, ngumu, nyingi zikiwa na ukubwa wa milimita 1 hivi. Punje nyekundu ni za bakteria, Actinomadura pelletieri, na ni ndogo mno, chini ya nusu milimita. Za njano na ngumu zinaelekeza kwa Streptomyces somaliensis. Tatizo ni nyeupe na zenye weupe wa krimu, maana zinaweza kuwa za bakteria, kama Actinomadura madurae au Nocardia, na zinaweza kuwa za fangasi, kama Scedosporium boydii. Punje nyeupe isimpe mtu yeyote ujasiri wa kuandika dawa.

Uvimbe usio na matundu

Kama hakuna tundu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunyonya kwa sindano: sindano namba 23 (ya bluu) au 21 (ya kijani), bomba la mililita 10, ngozi isafishwe, uingie katikati ya uvimbe na kunyonya huku ukielekeza ncha pande tatu bila kuitoa nje. Paka slaidi, moja ikaushwe hewani na nyingine iwekwe kwenye spiriti mara moja. Punje kubwa haipiti kwenye sindano nyembamba, kwa hiyo tarajia vipande. Ukipata damu tupu, hujathibitisha chochote wala kukanusha chochote.

Ya pili, ambayo ni ya uhakika zaidi, ni kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Kinyama hiki kikatwe chumba cha upasuaji, na daktari wa upasuaji, kwa nusu kaputi ya mgongoni au kamili, kutoka ndani ya uvimbe. Kipande cha juujuu kitarudi na majibu ya "uvimbe wa muda mrefu usio na umaalumu" na hutajua zaidi ya ulivyojua. Tunaomba sana zahanati na vituo vya afya visipasue uvimbe huu kwa ganzi ya kawaida "kutoa usaha". Hakuna jipu ndani yake. Kinachofanyika ni kufungua njia mpya za ugonjwa kusambaa, na daktari anayekuja baadaye anakuta makovu yaliyochanganya mipaka yote.

Kinyama kigawanywe mara mbili hapohapo mezani. Nusu iingie kwenye formalini ya asilimia 10, ambayo inapatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya formalini ya dukani na sehemu 9 za maji. Ujazo wake uwe angalau mara 10 ya kinyama, la sivyo katikati yake itaoza kabla haijafika. Nusu ya pili iingie kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya kuotesha, yaani kukuza kimelea maabara. Mtu mmoja akikosea na kutia vyote kwenye formalini, kuotesha kumekufa. Kwa hiyo andika kwenye vichupa kabla ya upasuaji kuanza: jina, namba ya faili, tarehe, sehemu ya mwili, na neno KUOTESHA au FORMALINI. Kichupa cha kuotesha kisigandishwe. Kifike maabara siku hiyohiyo, au kesho yake kwa kuchelewa zaidi. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo kichupa kikilala mezani siku tatu sababu huwa ni usahaulifu, wala siyo barabara.

Kwenye hadubini

Gawanya punje zilizooshwa katika mafungu matatu: moja ya potasiamu haidroksaidi, moja ya rangi ya Gram (inayoonyesha bakteria), moja ya kuotesha. Kama punje ni mbili tu, ipe kipaumbele hadubini, kwa sababu jibu la fangasi au bakteria ndilo linalohitajika kwanza.

Weka punje kwenye slaidi na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20. Funika, subiri dakika 15 hadi 30, punje nyeusi hata saa nzima, kisha ponda kwa kubonyeza kifuniko kwa mpini wa penseli. Punje ngumu sana iponde kati ya slaidi mbili. Angalia kwa lenzi ya 10, halafu ya 40, ukiwa umepunguza mwanga. Fangasi utaona nyuzi nene zenye vikuta, zenye matawi, upana wa mikrometa 2 hadi 5, na pembeni mwa punje seli zilizotuna kama mapovu. Kama hadubini yako haina kipimo cha macho, tumia chembe nyekundu ya damu, ambayo ni mikrometa 7 hivi. Uzi wa fangasi unafikia karibu theluthi moja hadi zaidi ya nusu ya upana wake. Uzi wa bakteria ni mikrometa 1 au chini, na kwenye potasiamu haidroksaidi hauonekani vizuri, unaona tu tope la chembechembe. Ukiona tope, usiandike "hakuna fangasi" ukafunga faili. Nenda kwenye Gram.

Kwa Gram, ponda punje nyingine kwenye tone la maji, iache ikauke hewani, pitisha juu ya moto, paka rangi kama kawaida, angalia kwa lenzi ya 100 na mafuta. Nyuzi nyembamba za zambarau, zenye matawi, zilizosokotana, ni maisetoma ya bakteria. Vichembe vya duara kwenye mafungu ni bakteria wa ngozi walioingia juu ya kidonda, na hao si jibu lako.

Ukishapata nyuzi nyembamba, paka slaidi nyingine rangi ya Ziehl-Neelsen. Maabara zetu zina uzoefu mkubwa na rangi hii kwa sababu ya kifua kikuu, na hapo ndipo penye mtego: asidi inayotumika kuondoa rangi kwa makohozi ni kali mno kwa Nocardia. Tumia asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Nocardia itabaki na wekundu, walau kwa sehemu ya nyuzi. Actinomadura na Streptomyces hazitabaki nao. Kwa asidi ya kifua kikuu wote watapauka, na Nocardia itapotea kwenye ripoti.

Kinyama cha formalini kikifika patholojia, fomu iseme wazi "nashuku maisetoma, naomba mtafute punje." Punje zinaweza kuwa kwenye tabaka moja tu la kinyama, kwa hiyo mwombe mtaalamu akate matabaka kadhaa. Rangi ya Grocott au PAS inaonyesha nyuzi za fangasi, na Gram ya kinyama inaonyesha bakteria. Moshi ina bahati hapa: hospitali ya rufaa ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Rufaa ya ugonjwa huu ielekezwe kwenye kliniki ya ngozi, pamoja na vichupa na ramani ya mguu uliyochora.

Kuotesha

Punje za fangasi zioshwe tena kwa maji ya chumvi yenye antibayotiki, ziwekwe kwenye sahani za Sabouraud (jeli ya kuoteshea fangasi) zenye kloramfenikoli. Zisiwe na sikloheksimidi. Sahani zinazotumika kwa mba na fangasi wa vidole mara nyingi huwa nayo, na inazuia baadhi ya fangasi wa maisetoma. Weka seti mbili, moja kwenye nyuzi 37 na nyingine kati ya 25 na 30, kwa sababu Madurella mycetomatis inapenda 37 na wengine wanapenda ubaridi kidogo. Punje za bakteria ziende kwenye sahani zisizo na antibayotiki, kama Löwenstein-Jensen au ya damu.

Subiri wiki 6. Sahani nyingi hutupwa baada ya wiki moja na kuandikwa "hakijaota kitu", wakati Madurella ndiyo kwanza inajiandaa. Ikiota, utaona utando mgumu kama ngozi, wa njano au kahawia, ukitoa rangi ya kahawia inayosambaa kwenye jeli. Kwa kuwa haitoi mbegu kwa urahisi, umbo peke yake halitoshi kutaja jina. Jina la uhakika linatokana na kusoma DNA, sehemu ya ITS kwa fangasi na 16S kwa bakteria, pale maabara ya utafiti inapopatikana. Hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa. Anayemuuzia mgonjwa kipimo cha damu cha "fangasi wa ndani" anamla hela.

Picha

Eksirei ni ya lazima hata kama mguu haumi, na ipigwe pande mbili, ya juu na ya ubavuni. Tafuta mashimo kwenye mifupa: maisetoma ya fangasi huacha mashimo machache yenye upana wa sentimita 1 hivi au zaidi, ya bakteria huacha mengi madogo kama mbao iliyoliwa na wadudu. Mwanzoni eksirei inaweza kuonyesha uvimbe wa nyama tu.

Ultrasaundi ni rafiki wa hospitali za wilaya, maana ipo na bei yake inabebeka. Punje za fangasi zinang'aa kwa nukta kali zilizojitenga ndani ya vishimo vyenye kuta nene. Za bakteria ni hafifu, zimetuama chini ya kishimo. MRI (picha ya sumaku) huonyesha nukta nyeusi katikati ya duara jeupe na inampa daktari wa upasuaji ramani ya ugonjwa ulikofika, ila isisubiriwe kama ndiyo kikwazo cha kuanza tiba.

Majibu yakishatoka

Ripoti iseme mambo matatu: ni fangasi au bakteria, kimelea gani kama kimejulikana, na mfupa umeguswa au la. Kwa fangasi, tiba ya kawaida ni itrakonazoli miligramu 400 kwa siku kwa miezi mingi, kisha upasuaji wa kutoa uvimbe ukiwa umejikusanya mahali pamoja, kisha dawa tena. Flukonazoli, ambayo watu wengi hupewa dukani, haiiwezi Madurella. Kwa bakteria, kotrimoksazoli pamoja na amikasini huponya wengi bila kukatwa chochote. Mgonjwa wa bakteria aliyekatwa mguu kwa sababu hakuna aliyepaka slaidi moja ya Gram ni hasara ambayo haikupaswa kutokea, na inaweza kuzuiwa na maabara yoyote yenye hadubini.

Kabla ya itrakonazoli pima ini, na uhakikishe hakuna ujauzito. Mgonjwa anayetumia rifampisini ya kifua kikuu mjulishe daktari wake, kwani rifampisini huishusha itrakonazoli hadi isifae kitu.

Majibu yakirudi tupu huku mguu unaonyesha dalili zote, usimwambie mgonjwa hana ugonjwa. Mwulize daktari wake kama inafaa kusimamisha dawa zote za bakteria na fangasi kwa wiki mbili hivi, kisha chukua kinyama kingine, safari hii ndani zaidi na sehemu ambayo ultrasaundi imeonyesha nukta zinazong'aa. Andika namba ya simu ya ndugu mmoja wa karibu kwenye faili, pamoja na ya mtendaji wa kijiji kama wanahamahama na mifugo, ili majibu ya wiki ya sita yamkute popote alipo.